Je, Wajua? Raga ya Watu 13, Mwanafalsafa wa Roma na Meza ya Karata

Raga tuliyoizoea huku kwetu ni ile ya wachezaji 15, na ile ya saba iliyowapa Wakenya ubingwa wa Singapore mwaka 2016. Ipo nyingine, ndugu yao aliyehama nyumbani zamani akiwa amenuna: raga ya wachezaji 13. Makao yake ni kaskazini mwa Uingereza, mashariki mwa Australia, New Zealand na Papua New Guinea. Mimi mchezo huo niliufuata kwa sababu ya redio zake tu, na kadiri nilivyozidi kuchimba ndivyo nilivyozidi kukuta vituko. Nimekuchagulia vile vilivyoninyima usingizi.

Redio ya raga yenye jina la mtu aliyechomwa moto

Herufi GB katika jina la redio 2GB ya Sydney ni za Giordano Bruno, mwanafalsafa wa Kitaliano aliyechomwa moto akiwa hai mjini Roma tarehe 17 Februari 1600. Waliomkumbuka kwa heshima hiyo ni Wateosofia, kundi la watu waliopenda kutafakari mambo ya roho, na mwaka 1926 walianzisha redio hiyo ili wasambaze mafundisho yao. Leo ukiifungua alasiri ya mechi, unakutana na wanaume watatu wanne wakibishana kama jamaa aliyeangushwa ameuachia mpira mwenyewe au amenyang'anywa.

Tena ngoja, tamu zaidi inakuja. Redio nyingine ya mji huohuo iliyovuma kwa raga, 2SM, ilianzishwa mwaka 1931 na padri Mkatoliki, na herufi zake ni za Mtakatifu Marko, jina la parokia yake. Maana yake ni kwamba mkazi wa Sydney aliyegeuza kitufe cha redio kutafuta matokeo alikuwa akitoka kwa Mtakatifu Marko na kutua kwa mtu aliyehukumiwa na mahakama ya Kanisa, na kichwani hana lolote isipokuwa kujua nani anaongoza. Ile namba 2 usiipe uzito: ni alama ya jimbo la New South Wales tu.

Na aliyeanzisha ya wafanyakazi alikuwa bingwa wa Olimpiki

Mwaka 1925 baraza la vyama vya wafanyakazi la New South Wales lilifungua redio yake, 2KY, na mtu aliyeisimamisha ni Emil Voigt, mshindi wa dhahabu ya maili 5 katika Olimpiki ya London ya 1908. Alikuwa hali nyama kabisa. Redio hiyo nayo ilikuja kutangaza raga ya 13, mchezo wa watu wanaosifiana kwa ukubwa wa shingo. Halafu 2UE, ambayo utakutana nayo mbele kidogo, ilipewa herufi kutoka kwenye jina la biashara ya vifaa vya umeme, zikageuzwa mbele nyuma. Kwa hiyo padri, Wateosofia, vyama vya wafanyakazi na muuza vifaa vya umeme, wote walikuja kugombania masikio yaleyale.

Ugomvi wote ulikuwa wa shilingi sita

Raga ya 13 ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield kwa sababu ya fidia isiyozidi shilingi 6 kwa siku. Wachezaji wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwanda vya nguo. Wakienda kucheza Jumamosi, mshahara wa siku ulikatwa. Vilabu vyao vilitaka kuwafidia. Waungwana wa chama cha raga wakasema mchezo si kazi, hakuna senti, na vilabu vya kaskazini vikabeba virago. Mwaka 1906 waasi hao walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili uwanja upate hewa na mpira ukimbie.

Mtangazaji aliyewekewa kipofu mbele yake

Siku BBC ilipotangaza mechi moja kwa moja kwa mara ya kwanza, tarehe 15 Januari 1927, mtangazaji Teddy Wakelam alikalishiwa mtu asiyeona karibu na kibanda chake, ili asahau mamilioni na amsimulie huyo mmoja. Ilikuwa raga ya 15, England na Wales, uwanja wa Twickenham. Wasikilizaji walichapishiwa gazetini ramani ya uwanja iliyogawanywa vyumba vinane vyenye namba, kama ubao wa bao usio na mashimo, na wakati Wakelam akisimulia, sauti ya mtu wa pili ilikuwa ikitaja mpira uko chumba namba ngapi. Mtu alikaa nyumbani na kidole juu ya karatasi, akikisogeza.

Mawimbi hayo hayakukaa upande wa waungwana tu. Mwezi Mei mwaka huohuo BBC ilitangaza fainali ya kombe la raga ya 13 kutoka Wigan: Oldham 26, Swinton 7. Wajukuu wa zile shilingi sita walikuwa wamefika hewani.

Nahodha, meza ya karata na mkwaju wa vipande vitatu

Sauti iliyopendwa kuliko zote katika raga ya Sydney haikutoka kwenye kibanda cha kioo. Ilitoka kwenye meza ndogo ya kukunja, ile ya kuchezea karata, iliyotegwa pembeni mwa uwanja. Mwenye meza alikuwa Frank Hyde wa 2SM, aliyetangaza fainali 33 mfululizo. Kabla ya kushika kipaza sauti alikuwa mchezaji. Mwaka 1943 aliiongoza North Sydney kwenye fainali kama nahodha, na wakafungwa na Newtown.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ninapompendea. Katika raga, timu ikifunga trai hupewa mkwaju wa nyongeza: mpira unapigwa upite kati ya milingoti miwili na juu ya mwamba wake. Ukiwa hewani ni sekunde chache tu. Mtangazaji wa kawaida hungoja mpira utue ndipo apige kelele. Hyde alizikata sekunde hizo vipande vitatu. Kwanza alisema mpira una urefu wa kutosha. Kisha una kimo cha kutosha. Mwisho, kwa sauti iliyopanda kama mtu anayekwea ngazi: umenyooka katikati ya milingoti! Sydney nzima ilikijua kibwagizo hicho, na watoto walikisema wakipiga makopo mitaani.

Nahisi mpangilio ule ulitokana na ile meza. Mtu aliyeketi chini, pembeni, anaona vizuri urefu na kimo cha mpira, lakini kama umenyooka hawezi kujua. Inabidi awaangalie waamuzi wawili waliosimama nyuma ya milingoti mpaka wainue bendera. Hyde alikuwa akimpa msikilizaji kile alichokiona kwa zamu aliyokiona, naye msikilizaji akapata ule mchecheto wa kungoja bendera bila kuziona.

Nilipowaza hilo nilikumbuka redio ya babu. Betri zikilegea tulizitoa tukazianika juani juu ya bati ili zijikaze hadi kipindi cha pili, na mtangazaji akirudi alikuwa amefifia kama anaongea ndani ya mtungi. Hatukukosa goli hata moja. Tulikosa mfungaji tu.

Hyde, kwa taarifa yako, aliimba pia. Mwaka 1973 alirekodi ule wimbo wa zamani wa Kiayalandi, Danny Boy, na santuri yake ikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 91.

Timu mbili, rangi moja: tope

Kombe la ubingwa wa raga ya 13 nchini Australia ni sanamu ya wanaume wawili waliopakaa tope hadi kope. Picha halisi ilipigwa na John O'Gready baada ya fainali ya 1963, pale Norm Provan wa St George, pande la mtu, alipomkumbatia Arthur Summons wa Western Suburbs, aliyemfikia kifuani. St George ilishinda 8 kwa 3, na huo ulikuwa ubingwa wake wa nane kati ya 11 mfululizo. Hebu jiweke kwenye kiti cha mtangazaji siku hiyo: wachezaji 26, namba za mgongoni zimezama topeni, jezi zote rangi ya udongo, na msikilizaji anadai majina.

Dola 5,000 kwa fainali nzima

Mwaka 1967 televisheni ilionyesha fainali ya ubingwa huo moja kwa moja kwa mara ya kwanza, na haki zake ziligharimu dola 5,000 za Australia. Mwaka 2012 ligi hiyo iliuza haki za miaka mitano kwa zaidi ya dola bilioni 1. Kabla ya 1967, aliyekosa tiketi alikuwa na redio au jirani mwenye redio. Mwaka 1965, watu 78,056 walijisokota kwenye uwanja wa kriketi wa Sydney, wengine wakapanda mapaa. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa pomoni, bado ungebaki na watu elfu kumi na kitu nje.

Refa aliyekosea kuhesabu akapewa kipaza sauti

Mmoja wa watangazaji waliotamba Sydney miaka ya 1980 alikuwa refa aliyeacha timu ikacheza mara moja zaidi ya ruhusa. Kanuni ni nyepesi. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa na kuangushwa mara sita. Isipofunga, inawaachia wenzake. (Zamani hakukuwa na kikomo, timu ingeweza kulala na mpira nusu saa. Australia iliweka mara nne mwaka 1967, ikaongeza hadi sita mwaka 1971.) Kikomo hicho ni neema kwa redio: mtangazaji akisema "ya tano sasa," hata aliye jikoni anakatakata vitunguu anajua mpira unakaribia kupigwa mbali.

Mwaka 1978, katika mechi ya mtoano iliyorudiwa kati ya Manly na Parramatta, refa Greg Hartley alipotelewa na hesabu, na Manly wakafunga trai baada ya zile sita kwisha. Walishinda, wakaendelea hadi kutwaa ubingwa. Mashabiki wa Parramatta hawajasahau mpaka leo, na wamewasimulia wajukuu.

Hartley, aliyeitwa Hollywood kwa mbwembwe zake, alistaafu filimbi akaenda 2GB. Pale akaunda jozi ya watangazaji na mtu wa lakabu Zorba. Nani Zorba? Peter Peters, mchezaji wa zamani wa Manly. Unaweza kuona jinsi shabiki wa Parramatta alivyokunja uso kila alipowasha redio, na bado akaiwasha.

Dereva wa teksi, dalali, kisha mfalme

Ray Hadley aliingia redioni kwa sababu ya abiria. Alikuwa akiendesha teksi Sydney, akambeba mkuu wa habari wa 2UE, wakapiga soga, na soga ikaishia kwenye kazi ya kuripoti foleni za magari. Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba alikuwa dalali wa mnada. Ukishamsikia dalali wa kweli akipandisha bei ya ng'ombe, huulizi tena mtu anawezaje kutaja wachezaji watano kwa pumzi moja bila kujing'ata ulimi.

Mwaka 1987, 2UE ilizindua kipindi cha raga kilichoitwa The Continuous Call Team, yaani kikosi cha kutangaza bila kukatika, na Hadley akawa sauti yake kuu. Jina ni ahadi: mpira ukianza, hutoki. Lakini kilichokipa umaarufu ni saa zinazozunguka mechi. Wachezaji wastaafu wanakaa mezani, wanataniana, wanazomeana, wanasimulia visa ambavyo mama zao wasingependa visikike, na katikati ya vicheko hivyo mechi inaingia kama mgeni aliyechelewa harusini. Ni baraza la kahawa lenye antena.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Hadley alihama 2UE kwenda 2GB, na kipindi kikahama naye, jina na utani wake. Ndivyo raga ilivyorudi kwa Bwana Bruno. Hadley aliweka kipaza sauti chini Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 40 redioni. Kipindi alikuwa ameshakiachia mikono mingine.

Taya lililovunjwa likaja kulipwa kwa kuongea

Mchekeshaji mkuu wa kipindi hicho kwa miaka mingi ni Darryl Brohman, ambaye mwaka 1983 alivunjwa taya uwanjani. Alikuwa akichezea Queensland dhidi ya New South Wales, kiwiko cha Les Boyd kikampata usoni, na Boyd akafungiwa miezi 12. Daktari humwambia mgonjwa wa namna hiyo asiongee sana. Brohman amelipiza.

Watangazaji wasiokuwepo duniani

Roy Slaven na H.G. Nelson, ambao mashabiki wa Australia waliwasikiliza kwa miaka 22, si watu. Ni vinyago vya sauti. Nyuma ya Roy yuko John Doyle, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari, na nyuma ya H.G. yuko mwigizaji Greig Pickhaver. Kipindi chao, This Sporting Life, kilirushwa na redio ya vijana ya Triple J tangu 1986 hadi 2008. Roy alijisifu kwamba amecheza kila mchezo na kuwashinda wote; H.G. alimchochea.

Fainali ya raga ilipofika, walitangaza mechi nzima kwa namna yao, nusu ukweli, nusu uzushi mtupu. Watu wakagundua starehe mpya: washa televisheni, zima sauti, fungulia redio. Leo jambo hilo limekuwa gumu, kwa kuwa picha za kidijiti huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio. Redioni mtu ameshafunga trai na anakumbatiwa, kwenye kioo ndio kwanza anaudaka mpira. Ukiwa na shemeji mbishi, hiyo ni njia nzuri ya kumla hela.

Lakabu ndizo zilizokuwa silaha yao. Glenn Lazarus, mchezaji wa mbele mwenye mwili wa kabati, walimwita Tofali Lenye Macho. Lazarus alitwaa ubingwa na vilabu vitatu tofauti, Canberra, Brisbane na Melbourne, lakini ukimtaja kwa Mwaustralia, tofali ndilo linalotangulia. Mwaka 2014 aliingia Seneti ya nchi hiyo. Fikiria bunge lina waziri wa fedha, kiongozi wa upinzani, na tofali.

Nchi inayogawanyika kwa mechi isiyoihusu

Papua New Guinea ndiyo nchi ya pekee duniani ambako raga ya 13 ni mchezo wa taifa, na mechi inayoitikisa kuliko nyingi ni ya majimbo mawili ya nchi nyingine. Ni ileile ya Queensland na New South Wales, iliyoanza kwa mtindo wake wa sasa tarehe 8 Julai 1980. Mume yupo upande huu, mke upande ule, na mji unapakwa rangi. Sisi tunaowekeana dau la sahani ya pilau kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, tunyamaze tu.

Si mapenzi ya upande mmoja pia. Mwaka 1990, mjini Goroka, kwenye nyanda za juu, timu yao ya taifa iliifunga Uingereza 20 kwa 18. Timu inaitwa Kumuls, jina la ndege wa peponi kwa Tok Pisin, lugha inayowaunganisha watu wenye lugha zaidi ya 800. Serikali ya Australia imeahidi dola milioni 600 kwa miaka 10, na timu ya Papua New Guinea inatarajiwa kuingia kwenye ligi kuu ya Australia mwaka 2028.

Na habari hizo zitafikaje vijijini, kwenye milima isiyo na barabara? Shirika la utangazaji la huko lina mtandao wa redio za mikoani unaoitwa Kundu. Kundu ni ngoma yao, nyembamba kiunoni, hubebwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine. Uso wake huwambwa ngozi ya kenge.